Maswali ya Wasomaji: Mwalimu Mgeni na Darasa Lenye Amani

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zimeandikwa na wanachuo wa ualimu wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha au walioyaanza hivi karibuni, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mwalimu mgeni afanye nini ili darasa lake liwe mahali ambapo watoto wanajifunza bila hofu na bila fujo? Tumechagua barua tano, tukazifupisha pale ilipobidi, na hatukuyataja majina ya waandishi, kama walivyoomba.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili, na muda si mrefu nitapangiwa shule ya kufanyia mazoezi. Walimu wazoefu ninaowafahamu wananiambia nisiwachekee wanafunzi hata kidogo katika wiki za mwanzo, maana watanipanda kichwani. Wakufunzi wangu nao wanasisitiza kwamba mwalimu awe rafiki wa mwanafunzi. Nimebaki njia panda. Nianze na ukali au na upole?

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Walimu hao na wakufunzi wako wameona kila mmoja upande wa jambo la kweli, lakini kwa maoni yangu hukupaswa kuwekwa kwenye njia panda hiyo. Ukali na upole ni hali ya uso na sauti ya mwalimu, na watoto huzizoea zote mbili haraka sana. Kinachowatuliza ni kujua kitakachofuata: wataingiaje darasani, kila mmoja ataketi wapi, afanye nini akimaliza kazi kabla ya wenzake, aombe vipi ruhusa ya kutoka, na mwalimu atachukua hatua gani mtu akimdhihaki mwenzake. Mwalimu mkali asiye na utaratibu hupata darasa linalonyamaza mbele ya uso wake na kulipuka akigeukia ubao. Mwalimu mpole asiye na utaratibu hupata darasa linalotawaliwa na wachache wenye sauti kubwa, huku wanyonge wakiumia kimya kimya na kujiuliza kwa nini mtu mzima aliyemo chumbani hawatetei.

Mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, alilichunguza suala hili kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1970. Alianza kwa kuangalia namna walimu wanavyokemea makosa, kisha akarekodi vipindi kwa video na kulinganisha walimu wenye madarasa tulivu na wale ambao madarasa yaliwashinda. Namna ya kukemea haikueleza tofauti iliyokuwepo. Tofauti ilikuwa katika yale ambayo walimu waliyafanya kabla kosa halijatokea: walionyesha kwamba wanaona kila pembe ya chumba, waliweza kumsikiliza mtoto mmoja bila kuwasahau wengine, walivuka kutoka kazi moja kwenda nyingine bila kuacha pengo, na waliwafanya hata wale wasioulizwa wawe na la kufikiria. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu walimu wengi wanaoanza kazi hutumia nguvu zao kufikiria watatoa adhabu gani, ilhali kazi yenye manufaa makubwa zaidi inafanyika jioni ya kuamkia kipindi, pale wanapoandika andalio la somo.

Chukua jambo dogo kama kugawa madaftari yaliyosahihishwa. Mwalimu asiyejipanga husimama mbele na rundo lake, akaita jina moja moja, na kila anayeitwa anatembea hadi mbele na kurudi. Watoto wa mwanzo wameshapata madaftari na hawana la kufanya, wa mwisho wanasubiri, na katikati ya hayo mmoja amenyoosha mguu njiani, mwingine amejikwaa, wa tatu ameanza kucheka. Zinapotea dakika saba, na mwalimu anaishia kumwadhibu mwenye mguu. Mwalimu aliyejipanga amekwisha yatenga madaftari kwa mistari ya madawati kabla ya kengele, anamkabidhi kila aliyekaa mbele fungu la mstari wake, na ubaoni kumeandikwa tayari: "Soma maelezo yangu ya kalamu nyekundu, kisha sahihisha swali moja ulilokosa." Darasa ni lile lile na watoto ni wale wale, ila katika darasa la pili hakuna aliyepewa nafasi ya kukaa bure.

Kwa hiyo, katika siku zako za kwanza, wafundishe utaratibu kama unavyofundisha somo lenyewe. Eleza, onyesha, waache wajaribu, na wakikosea rudieni kwa utulivu bila kelele. Kanuni ziwe tatu au nne tu, zitaje linalotakiwa badala ya kuorodhesha makatazo, na wewe mwenyewe uzifuate, maana mwalimu anayedai watoto wawahi kisha yeye akachelewa ameifuta kanuni hiyo kwa mkono wake. Simama mlangoni wanapoingia, uwasalimu mmoja mmoja, na ujitahidi kuyashika majina yao ndani ya wiki ya kwanza kwa kutumia mchoro wa madawati, kwa sababu mtoto anayeitwa kwa jina anajua kwamba ameonekana. Usiongee juu ya kelele. Nyamaza, subiri, waangalie, kisha anza kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa ukizoea kupaza sauti itabidi uipandishe kila wiki.

Kuhusu kucheka, cheka panapochekesha. Kuhusu urafiki, watoto wana marafiki wa rika lao, na kwako wanahitaji mtu mzima mwenye huruma ambaye neno lake la jana ndilo neno lake la leo.

Habari za kazi, Mwalimu. Nafundisha hesabu katika madarasa ya kati. Nikiuliza swali, wanaonyoosha mikono ni wale wale watatu au wanne, na wengine wanainamisha vichwa. Juzi mtoto mmoja alijaribu, akakosea, darasa zima likamcheka, na tangu siku hiyo hajafungua mdomo. Nifanyeje?

Nzuri, mwalimu, na ahsante kwa kumwona mtoto huyo, maana wapo wanaopita mwaka mzima bila kuonwa na mtu. Tuanze na kicheko. Usikiache kipite, hata kama kipindi kinakuishia. Kesho, kabla ya somo, liambie darasa waziwazi, kwa maneno machache na bila mahubiri, kwamba katika chumba hiki jibu lisilo sahihi linafanyiwa kazi na halichekwi, na kwamba kanuni hiyo utaisimamia kila siku. Kisha isimamie kweli. Mara ya kwanza atakapocheka mtu, simamisha somo, mwite kwa jina, mkumbushe, uendelee. Watoto watakupima mara kadhaa kabla ya kuamini.

Yule aliyechekwa umwendee pembeni, wakati wenzake wakifanya zoezi. Pitia daftari lake kwanza utafute kitu alichokipata, umwambie: "Hesabu ya tatu umeifanya vizuri, kesho nitakuomba uje uionyeshe ubaoni." Amepewa usiku mzima wa kujiandaa, na anakwenda mbele akijua kwamba jibu analo. Hiyo ni njia ya heshima ya kumrudisha mtoto mbele ya wenzake, na inashinda kumwambia asijali.

Sasa mikono ile michache. Mtafiti mwingine wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza rekodi nyingi za vipindi katika miaka ya 1970 na kugundua kwamba walimu, wakishauliza swali, kwa kawaida husubiri sekunde moja tu au pungufu kabla ya kumtaja mwanafunzi, kurudia swali au kujibu wao wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijitolea kujibu, na waliokaa kimya au kusema hawajui walipungua. Alishauri pia kusubiri mara ya pili, baada ya mtoto kujibu, kwa kuwa mara nyingi mtoto huwa na la kuongeza. Jaribu kuhesabu sekunde hizo kimoyomoyo na utaona zilivyo ndefu. Mwalimu mgeni huziogopa kwa sababu kimya humfanya ahisi kwamba somo limekwama. Vumilia. Na wakati mwingine waache wote waandike jibu kwenye daftari, walijadili na jirani kwa dakika moja, ndipo uulize, kwani aliyekwisha kulijaribu jibu lake kwa mtu mmoja hapati shida kulisema mbele ya wengi.

Lililo kubwa zaidi ni unavyolipokea kosa. Tuseme umeandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, na mtoto amejibu 2/5. Ukisema "Hapana, nani mwingine?" umemfunga mdomo yeye na wengine wote walioandika hivyo hivyo, na hao si wachache, kwa kuwa wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini kama walivyozoea kufanya na namba nzima. Badala yake, liandike jibu hilo ubaoni kwa uzito ule ule ambao ungeandika jibu sahihi, umwombe aeleze alivyolipata, kisha uliulize darasa: tulianza na nusu, tukaongeza kitu, je, 2/5 ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo? Wape muda wachore. Watagundua wenyewe kwamba wameongeza na kitu kikapungua, na hapo ndipo patakapozaliwa hamu ya kujua kwa nini tunatafuta sita chini kabla ya kujumlisha. Kosa la mtoto mmoja limewafundisha wote, na unaweza kumshukuru kwa dhati mbele yao, maana bila jibu lake msingefika hapo.

Jambo la mwisho kwako. Acha kuuliza "Mmeelewa?" Darasa zima litakuitikia "Ndiyo, mwalimu!" na hutajua lolote. Toa swali moja fupi la kuandika, uzunguke kati ya madawati, usome.

Mwalimu, mwalimu mlezi wangu hapa shuleni amenipa orodha ya wanafunzi aliowaita wazito, akaniambia niwakalishe nyuma na nisihangaike nao, nishughulike na wenye akili. Sitaki kumvunjia heshima, lakini moyo unakataa. Je, nimfuate?

Moyo wako una haki ya kukataa. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha utafiti uliofanyika katika shule moja ya msingi ya Marekani, ambako walimu waliambiwa kwamba watoto fulani walikuwa karibu kupiga hatua kubwa kiakili. Ukweli ni kwamba watoto hao walikuwa wamechaguliwa kwa bahati nasibu. Baadaye baadhi yao, hasa katika madarasa ya chini kabisa, walionekana kupanda zaidi ya wenzao. Wataalamu wamebishana sana kuhusu ukubwa wa matokeo hayo, na ni vyema mwalimu ajue kwamba ubishi huo upo. Utafiti wa Jere Brophy na Thomas Good wa mwaka 1970 unatufaa zaidi kwa sababu ulitazama kinachotendeka darasani: walimu waliwasifu mara nyingi zaidi watoto waliowatarajia makubwa walipopata jibu, na walipokosea waliwarudia swali au kuwapa dokezo. Wale wasiotarajiwa makubwa walipata fursa hizo kwa kiasi kidogo. Mtoto anayeulizwa mara chache, anayesubiriwa kwa muda mfupi na asiyepewa dokezo lazima abaki nyuma, kisha kubaki kwake nyuma kunachukuliwa kuwa ushahidi kwamba orodha ilikuwa sahihi.

Ipokee orodha kwa adabu, umshukuru mwalimu wako, na usibishane naye mbele ya watu. Bado unahitaji uzoefu wake, na wewe ni mgeni. Lakini omba ruhusa ya kupanga upya ukaaji kwa ajili ya kazi za vikundi, jambo ambalo ni nadra mwalimu mlezi kulikataa. Kisha wachunguze watoto hao mmoja mmoja. Waandikie kitu ubaoni na uone kama wanakunja macho. Sema na mmoja wao kwa sauti ya chini akiwa amekupa kisogo. Msikilize akisoma aya moja peke yake. Mara nyingi aliyeitwa mzito haoni vizuri, hasikii vizuri, au hakuwahi kujua kusoma sawasawa akapandishwa darasa hivyo hivyo, na kila moja ya shida hizo ina njia yake ya kushughulikiwa.

Hata wale wanaoitwa wenye akili hawanufaiki sana na jina hilo. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na kazi ngumu wakashindwa, walikata tamaa na kupoteza hamu kuliko wale waliosifiwa kwa bidii. Sifa iliyo bora hutaja kilichofanyika: "Umerudia hesabu yako ukagundua kosa mwenyewe." Maneno kama hayo yanaweza kuelekezwa kwa mtoto yeyote aliyemo katika orodha hiyo, mradi mwalimu awe ametazama.

Shikamoo Mwalimu. Darasa nililopewa lina wanafunzi zaidi ya 70. Ushauri wote niliousoma unadhani mwalimu ana wanafunzi 25. Inawezekana kweli kuwa na mazingira mazuri kwa idadi hii?

Marahaba. Inawezekana, ingawa ni mzigo, na atakayekuambia kwamba idadi haina tofauti hajasahihisha madaftari 70 kwa jioni moja. Wagawe katika vikundi vya kudumu vya watu sita au saba, vyenye mchanganyiko wa uwezo, kila kikundi na kiongozi anayebadilishwa kwa zamu ili uongozi usiwe mali ya wachache. Kiongozi akusanye madaftari, agawe vifaa na akuletee taarifa ya asiyehudhuria, lakini asipewe kamwe kazi ya kuadhibu wenzake wala kuandika majina ya wapiga kelele, kwa kuwa orodha hizo huzaa chuki na rushwa ndogo ndogo kati ya watoto. Sahihisha kwa kina vikundi viwili au vitatu kila siku, na vilivyobaki upitie kwa haraka. Ndani ya wiki moja utakuwa umemfikia kila mtoto. Acha njia kati ya madawati, ufike hadi mstari wa nyuma kabisa, kwani darasa kubwa linalofundishiwa mbele tu linakuwa madarasa mawili, na moja kati ya hayo halina mwalimu.

Mwalimu, mvulana mmoja wa darasa la juu amenijibu kwa jeuri mbele ya wenzake. Nilimwambia aandike, akasema "Siandiki, na huwezi kunifanya kitu." Walimu wenzangu wanasema angechapwa hapo hapo, la sivyo darasa limeshanishinda. Nimekaa siku tatu nikilifikiria. Ningefanya nini?

Pole sana. Maneno hayo yanauma, hasa kwa mtu ambaye bado anajithibitisha mbele ya walimu na mbele ya watoto pia.

Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unataka katika ibara ya 28 kwamba nidhamu ya shule itekelezwe kwa namna inayolingana na utu wa mtoto. Naitaja ibara hiyo kwa sababu mwalimu anapaswa kuijua, lakini hata tukiiacha pembeni, kiboko kisingekupa ulichokihitaji. Kijana aliyesema "huwezi kunifanya kitu" tayari ameligeuza suala la kuandika kuwa pambano, na wenzake wamegeuka watazamaji. Ukimpiga, anapata sifa ya uvumilivu. Ukimbembeleza mbele yao, anapata sifa ya ushindi. Na siku hiyo watoto wengine wote wamekuwa wakisoma uso wako, wakipima kama watakuwa salama siku wao watakapokosea.

Hali kama hiyo ikijitokeza tena, punguza watazamaji. Mjibu kwa sauti ya chini na kwa sentensi moja: "Nimekusikia, tutaongea kengele ikilia." Kisha ondoka kwenye dawati lake mara moja na urudi kwenye somo, uwape wengine kazi ya kuandika ili macho yao yaende kwenye madaftari. Usisubiri pale pale uone kama atatii, kwa maana ukisimama mbele yake unamnyima njia ya kubadili nia bila aibu. Wengi huchukua kalamu baada ya dakika chache, na akiichukua usitoe neno lolote.

Kengele ikilia, timiza ulichokisema. Ongea naye mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki. Anza kwa kuuliza kabla ya kushutumu: "Leo umenikatalia mbele ya darasa, na si kawaida yako. Kuna nini?" Huenda akakueleza kwamba hajala tangu jana, kwamba nyumbani kuna matatizo, kwamba hajui kuandika kile ulichomtaka akiandike na aliona afadhali aitwe mjeuri kuliko kuitwa mjinga. Huenda pia asikueleze lolote. Kwa vyovyote vile, mweleze kwamba lugha ile haikubaliki, kwamba kazi anadaiwa na ataimaliza kabla ya kuondoka au kesho asubuhi, na kwamba deni likishalipwa jambo limekwisha. Hatua itokane na kosa lenyewe: aliyekataa kuandika aandike, aliyevunja atengeneze, aliyetukana aombe radhi. Kumpa kijana kufyeka nyasi kwa sababu hakuandika kunamfundisha kufyeka nyasi, na insha yake bado haijaandikwa.

Kwa kuwa siku tatu zimeshapita, bado hujachelewa. Mwite kesho uzungumze naye hivyo hivyo. Asubuhi inayofuata msalimie kwa jina kama unavyowasalimu wengine na umuulize swali katika somo kama ungemuuliza yeyote, maana kumnunia kwa wiki nzima ni adhabu ya pili kwa kosa lililokwisha lipiwa. Andika kwa ufupi tarehe, kilichosemwa na mlichokubaliana. Jeuri ikirudi mara ya tatu au ya nne, au ukisikia jambo linaloashiria kwamba mtoto anadhuriwa mahali fulani, usilibebe peke yako: mpelekee mwalimu wa darasa au wa ushauri nasaha maandishi yako, mzazi au mlezi aitwe, na kijana mwenyewe awepo asikie yote yanayosemwa kumhusu.